Chemba ya mkoa inamsaidiaje mfanyabiashara mdogo kupata fedha za ubunifu?

Kaushio Moro:
Wakuu, habari za humu. Tuna karakana Morogoro, watu wanne, tunatengeneza makaushio ya jua ya matunda na mboga. Jina la biashara limesajiliwa BRELA, TIN ipo, leseni ya halmashauri ipo. Tunataka kuongeza feni na sanduku la mawe la kutunza joto ili kaushio lifanye kazi hata jua likizama. Makadirio ni sh. milioni 12. Tumeshauriwa tujiunge na TCCIA mkoa, yaani chemba ya biashara. Je, chemba inatoa fedha? Kama haitoi, ada ya uanachama inatupatia nini?

Mzee wa Andiko:
Chemba haina mfuko wa kugawa, na anayekwambia vinginevyo anakutafutia ada tu. TCCIA ilianzishwa 1988 kama chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Kazi zake mkoani ni utetezi, mafunzo, kukutanisha watu na kutoa cheti cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani) kwa wanaouza nje. Fedha za ubunifu ziko kwingine: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), SIDO (shirika la viwanda vidogo), programu ya ubunifu ya FUNGUO iliyo chini ya UNDP, dhamana za mfuko wa PASS kwa mikopo ya kilimo, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri.

Faida ya chemba iko katikati hapo. Kwanza, matangazo ya ufadhili mara nyingi hukaa wazi wiki chache, na ofisi ya mkoa huyapata mapema kuliko karakana. Pili, barua ya utambulisho: mfadhili asiyekujua anataka mtu wa tatu aseme kwamba upo na unazalisha. Tatu, na hili watu hulisahau, kuna wafadhili wanaotaka ubia wa biashara ndogo na taasisi ya utafiti. Ninyi mko mji mmoja na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwombeni katibu wa chemba awakutanishe na idara husika, msiende kubisha hodi wenyewe geti hadi geti.

Ila msiingie ofisini na "tunaomba msaada wa fedha". Ingieni na ukurasa mmoja: tatizo, kifaa, kiasi mnachotaka, kitanunua nini, na ninyi mnachangia nini. Katibu anaweza kuusambaza ukurasa kwa watu watano siku hiyo hiyo. Maelezo ya mdomo hayasambai.

Fundi Sanifu:
Kwenye huo ukurasa msiandike "kaushio letu ni bora na la kisasa". Wekeni hesabu. Mfano, kilo 100 za vipande vya embe vyenye maji asilimia 83 zina kilo 17 tu za kitu kikavu. Mkizishusha hadi maji asilimia 15 zinabaki kilo 20. Kwa hiyo kaushio linatakiwa litoe kilo 80 za maji. Sasa semeni: la sasa linazitoa kwa saa ngapi, jipya litazitoa kwa saa ngapi, na mzigo mwingi kiasi gani huoza usiku unapolala nusu mbichi? Tofauti hiyo ndiyo ubunifu wenu. Feni na mawe ni vyombo tu.

Kipimo kifanywe na mtu mwingine, si ninyi. CAMARTEC Arusha hupima zana za kilimo, na ripoti ya aina hiyo ina uzito kuliko picha ishirini. Gharama ya kupima iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Daftari la Mtaa:
Maandiko mengi ya kuomba fedha hayafi kwa wazo bovu, yanafia kwenye makaratasi. Jina lililo BRELA, TIN, leseni na akaunti ya benki lisomeke sawasawa, herufi kwa herufi. Akaunti isiwe ya mtu binafsi. Cheti cha kutodaiwa kodi kiwe hai siku ya kuwasilisha. Kila kifaa kikubwa kiwe na profoma (ankara ya bei toka kwa muuzaji kabla ya kununua), ikiwezekana tatu.

VAT ndiyo inayowaumiza wadogo. Profoma ya milioni 12 kabla ya VAT, ukiongeza asilimia 18, ni sh. 14,160,000. Kama hamjasajiliwa VAT hamwezi kuidai TRA, na wafadhili wengine hawailipi kabisa. Hiyo sh. 2,160,000 itatoka mfukoni mwenu. Ulizeni kabla ya kusaini.

Ruzuku nyingi pia huja kwa awamu: awamu ya pili haitoki mpaka mrejesho wa matumizi ya kwanza ukubaliwe. Ukinunua mabati kwa mtu asiyetoa risiti ya EFD, gharama hiyo inakataliwa hata kama bati liko paani na kila mtu analiona.

Kaushio Moro:
Asanteni sana. Jina la biashara linatosha au tufungue kampuni? Na ile asilimia 10 inatufaa?

Mzee wa Andiko:
Jina la biashara si mtu mbele ya sheria, ni wewe mwenye jina. Wafadhili wengi wa ruzuku wanataka kampuni. Kama mtabadili, badilini sasa, kwa sababu kampuni inapata TIN yake mpya, na leseni na akaunti vinafuata. Kubadili katikati ya maombi ni kuanza upya.

Asilimia 10 ni mkopo usio na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo, kwa hiyo uwe wa kununua malighafi ya oda iliyopo. Kwa majaribio ambayo hayajajulikana kama yatafaulu, tafuteni ruzuku. MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nayo imekuwa na kundi la wabunifu wa sekta isiyo rasmi, iangalieni.

Fundi Sanifu:
Nyongeza moja. Kama mpangilio wenu wa mawe na hewa ni mpya kweli, pelekeni ombi la hataza (haki ya kulinda uvumbuzi) BRELA kabla ya kuutandika kwenye banda la Nane Nane. Ukishauonyesha hadharani, unahatarisha sifa ya upya. Kwenye ule ukurasa wa chemba andikeni kifaa kinafanya nini, na michoro ya ndani ibaki karakana.