Naomba ushauri, kipimo cha TB kimevimba, nianze dawa au nisubiri?
Habari zenu ndugu zangu, mimi ni nesi huku Kigoma, wodi ya wanaume, juzi watumishi tulipimwa TB, wakanichoma ile ya ngozi mkononi, baada ya siku mbili pamevimba pagumu, wakaweka rula wakasema milimita 14. Sikohoi, sijakonda, eksirei safi. Daktari anasema vijidudu vimelala tu, siambukizi mtu, ila ninywe isoniazidi miezi 6 visije vikaamka. Sasa mwenzangu ananiambia hiyo BCG, chanjo ya TB ya utotoni, nayo huwa inavimbisha, nidai kipimo cha damu maana chenyewe hakidanganywi na chanjo. Nanyonyesha mtoto wa miezi 8, usiku silali jamani. Aliyewahi kuzinywa akinyonyesha, ini halikumsumbua?