Nguzo za bembea zimeoza, halmashauri inapaka rangi juu na kuandika "hali nzuri"

Wakuu, naomba mnivumilie, nina hasira na nikinyamaza nitapasuka.

Jumapili jioni nilimpeleka binti yangu wa miaka sita kwenye uwanja wa watoto wa halmashauri yetu. Akakaa kwenye bembea, nami namsukuma taratibu. Mara naona nguzo ya kushoto inacheza. Mtoto akienda mbele, udongo pale chini unafunua mdomo, akirudi, unafumba. Nikamshusha hapo hapo. Alilia sana, nikamwacha alie.

Kesho yake nikarudi na bisibisi. Nguzo kwa juu inameta, kijani kipya, hata mkwaruzo haina. Nikafukua udongo kina cha vidole vinne hivi, nikachoma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, wala sikutumia nguvu, kama nachoma sabuni iliyolala kwenye maji. Ilitoka na machicha ya kahawia, yamelowa, yananuka uyoga. Nikagonga nguzo kwa mpini: juu inaita kavu, chini inaitika kama mvungu.

Nikaenda ofisini kwao. Wa mapokezi alinisikiliza vizuri, simlaumu. Aliyeitwa kunijibu akafungua faili, akanionyesha fomu ya ukaguzi ya mwezi uliopita. Uwanja mzima mstari mmoja: "Vifaa vya mbao: hali nzuri." Nikauliza, mkaguzi alipimaje? "Alikagua kwa macho, mzee. Na hizo mbao zimetiwa dawa, haziozi."

Haziozi! Yaani machicha niliyokuwa nayo kwenye karatasi mfukoni yalikuwa ya nini?

Nguzo huanza kuoza pale inapoingia ardhini, kwa sababu hapo ndipo unyevu na hewa vinapokutana, na kuvu wanaokula mbao wanahitaji vyote viwili. Unyevu wa mbao ukipita asilimia 20 na kukaa hapo, kazi yao inaweza kuanza. Dawa inachelewesha, lakini mara nyingi haifiki kwenye kiini, na fundi akikata au kutoboa nguzo iliyokwisha kutiwa dawa amewafungulia kuvu mlango. Halafu juu ya hayo yote unakuja kupaka rangi! Mpasuko uliokuwa unaonekana umezibwa, doa la unyevu limefichwa, na mkaguzi wa macho anaondoka ameridhika.

Na msiseme natishia watu. Julai 2015, kwenye bustani ya Mile End jijini London, mtoto wa miaka mitano alikufa baada ya gogo lililoshikilia bembea ya kamba kuvunjika na kumwangukia. Lilikuwa limeoza. Tena hilo ni jiji lenye pesa na wataalamu. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya michezo ya watoto, EN 1176, vinataka ukaguzi wa aina tatu: wa kutazama mara kwa mara, wa utendaji kila mwezi mmoja hadi mitatu, na mkuu mara moja kwa mwaka, unaoangalia mpaka misingi na dalili za kuoza. Misingi iko chini ya ardhi. Huwezi kuikagua umesimama na kalamu.

Sasa hiyo dawa yenyewe. Nikamuuliza yule wa faili, ni dawa gani? Hajui. Aliyeuza mbao ni nani? Atafuta. Ndugu zangu, nguzo nyingi duniani zilitiwa CCA, mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki. Aseniki inasababisha saratani, hilo halina ubishi. Inatoka kidogo kidogo juu ya mbao na kwenye udongo wa chini yake, mtoto anashika, kisha mkono mdomoni. Marekani iliacha kutumia CCA kwenye mbao mpya za viwanja vya watoto mwishoni mwa 2003, Ulaya ikaizuia 2004, Australia 2006. Sisemi nguzo zetu zina CCA. Nasema mwenye uwanja hajui, na kutokujua kwake ndiko kunakoniuma.

Natoka pale, getini nakuta nguzo tatu kuukuu zilizong'olewa zimelazwa. Mlinzi ananiambia watu wameruhusiwa kuzichukua wakapikie. Nilishika kichwa. Mbao yenye CCA ukiichoma, aseniki inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Hata kama hizi hazina, nani alipima kabla ya kugawa?

Ninachodai wala si bajeti kubwa. Mkaguzi aje na jembe, nyundo na bisibisi, afukue kila nguzo, achome, agonge, aandike nguzo kwa nguzo na siyo uwanja kwa mstari. Fomu ibandikwe getini wazazi tuisome. Mkataba wa mbao utaje dawa iliyotumika, na mzabuni asiyeitaja asilipwe. Rangi ipakwe baada ya ukaguzi, kamwe siyo kabla. Na hizo nguzo tatu zirudishwe ndani leo hii.

Barua yangu imepokelewa, ikagongwa muhuri, nikaambiwa nisubiri kikao. Nikaomba basi wafunge ile bembea wakati tunasubiri. Wakasema mpaka mhandisi aidhinishe. Jana jioni nikaviringisha minyororo yake kwenye boriti la juu na kufunga kwa waya. Leo asubuhi nimepita, mtu kaifungua, na kulikuwa na foleni ya watoto.

Mnaoleta watoto pale: ni nguzo ya kushoto, ukiwa umeligeuzia geti mgongo. Msiwapandishe.