Mstaafu mwenye kipato kidogo cha pembeni: ni lazima nijaze ritani (taarifa ya mapato ya mwaka) ya KRA, mamlaka ya ushuru Kenya?

Mstaafu_Kisauni: Wadau, nina miaka 67, nala pensheni ya serikali na kuna visenti vya pembeni. Juni 30, siku ya mwisho ya kujaza, yaja. Mtu kama mimi naye yumo kwenye ritani? Sitaki kuandamwa uzeeni.

Hesabu_Kamili: Mzee wangu, pensheni ya mwezi ya aliyetimiza 65 haitozwi ushuru. Ritani ni jambo jingine: PIN yako (namba ya mlipa ushuru) ikiwa na wajibu wa ushuru wa mapato, inadai ritani kila mwaka. Ukichelewa, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Hivyo visenti vyatoka wapi?

Bandari_Boy: Kama ni riba ya benki, wameshakata asilimia 15, imeisha hiyo. Kama ni kuku, mauzo yasiyofika milioni moja kwa mwaka hayamo kwenye TOT, ule ushuru wa mauzo ya biashara ndogo. Faida yake waiandika kwenye ritani ya mwaka.

Mstaafu_Kisauni: Si riba wala kuku. Ni vyumba tu.

Hesabu_Kamili: Vingapi? Kodi kiasi gani?

Mstaafu_Kisauni: Sita, Sh5,000 kila kimoja. Lakini kijana wa saiba (duka la intaneti) hunijazia sufuri kila mwaka na mfumo wakubali, stakabadhi ninazo zote. Mwaka huu pia nimeshamlipa. Kwa nini nichokoze nyuki?

Hesabu_Kamili: Mfumo hupokea sufuri ya yeyote. Stakabadhi yaonyesha umejaza, haionyeshi umesema kweli. Sita kwa 5,000 ni 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Kodi ya nyumba za makazi unayopokea ikizidi 288,000 kwa mwaka, hadi milioni 15, hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Hutoi gharama za rangi wala bomba, ni kodi yote. Yaani Sh2,250 kila mwezi, ilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Bi_Tashtiti: Kumbe yale mashimo ya barabarani ni ya mzee!

Shaka_Tupu: Uzi wa kutunga huu. Vyumba sita vimejaa miezi 12, na wapangaji wote walipa? Hapa Mombasa? Huyu ni mtu wa saiba atafuta wateja.

Mstaafu_Kisauni: Sikutunga. Viwili vilikuwa na kufuli mwaka jana mzima, paa lavuja. Hamkuuliza.

Hesabu_Kamili: Lo! Basi hesabu yote yageuka. Kinachotozwa ni kodi uliyopokea. Vinne ni 240,000, chini ya 288,000, kwa hivyo ile 7.5 haikuhusu. Waiandika kwenye ritani ya mwaka, na hapo matengenezo unayatoa. Hata usipotoa kitu, ushuru wa asilimia 10 ya 240,000 ni 24,000, na nafuu yako binafsi, inayopunguza ushuru huo, ni 28,800 kwa mwaka. Hudaiwi hata senti. Ila ritani ya sufuri ni ya asiye na mapato kabisa, na wewe unayo. Kijana akiwa ameshaituma, ingia iTax, tovuti ya KRA, chagua "File Amended Return", ujaze sehemu ya kodi ya nyumba. Andika pia tarehe vyumba viwili vilipofungwa, na uweke picha za paa pamoja na daftari la kodi. Ukiulizwa ndicho utakachoonyesha.

Shaka_Tupu: Paa lavuja juu ya vyumba viwili tu, barabara.

Hesabu_Kamili: Marekebisho yaruhusiwa hadi miaka mitano nyuma, mzee. Hivyo viwili, 2024 vilikuwa na watu?

Mstaafu_Kisauni: Tumalize huu wa mwaka jana kwanza.