Baba keshaondoka. Kwako kimebaki nini chake? Tupeane

BintiWete
Assalam alaykum ndugu zangu. Juzi tumemsomea baba hitima ya arubaini. Majamvi yamerudi msikitini, masufuria yamerudi kwa wenyewe, na nyumba imenyamaza. Mama yumo ndani na eda yake, miezi minne na siku kumi, hajafika hata nusu.

Nguo tumeshazigawa. Kanzu mbili kachukua ami, kofia ya viua alomshonea mama kaichukua kaka. Mie niliulizwa nataka nini nikasema sitaki kitu.

Sasa msimu wa karafuu umeingia. Nimekwenda stoo kutoa majamvi ya kuanikia, nikalifungua la baba, punje kavu za mwaka jana zikamwagika miguuni. Nikakaa chini palepale. Maana siku ya kumkosha nilikuwa uani na wanawake wenzangu, ikatujia harufu ya karafuu maiti kutoka chumbani. Maisha yangu yote baba kunukia karafuu ndiyo kurudi kwake shamba, nikamfungulia mlango. Siku ile karafuu ikanuka nyengine, na mlango akafunguliwa atoke.

Na sisi wanawake kwetu hatuendi kuzika. Jeneza limepita ukumbini nikaishia kizingitini. Kaka ananambia kalala chini ya mwembe. Mwembe upi, sijui.

Nyie wenzangu mliotangulia katika hili, mnamkumbuka kwa kipi? Semeni chochote.

Mvuvi wa Kojani
Wa alaykum salaam dada. Allah amrehemu mzee.

Wangu ana miaka sita tangu atutoke. Aliniachia dema zilizooza na mwamba mmoja baharini. Mwamba huo alikuwa hamwambii mtu. Tukienda naye nikiwa mdogo ananiambia nigeuke nitazame mkuku, hadi tumalize kutia nanga! Alipozidiwa ndipo akaniita, akanipa alama: mnazi uliopinda uukalishe juu ya paa la msikiti, halafu kwa upande wa pili ncha ya kisiwa iguse jabali jeusi. Zikikutana hizo mbili, tia nanga. Bamvua usiende, maji yanakimbia, mshipi hautulii. Ngoja maji mafu.

Nikaenda, nikapata changu mpaka nikacheka peke yangu ndani ya ngalawa. Mwaka juzi ule mnazi umeanguka. Sasa nakwenda kwa kukisia, siku nyengine napata, siku nyengine natia nanga kwenye mchanga mtupu. Wenzangu wananambia ninunue kile kifaa cha kusoma setilaiti. Nitanunua. Lakini mzee hakunipa namba, alinipa mnazi.

Duka la Kona
Sisi yetu ni daftari. Baba alikuwa na duka hapa Chake Chake. Pale makaburini kaka yetu alisimama akasema anayemdai marehemu aje kwetu, akaja mmoja tu, tukamlipa. Wanaodaiwa na marehemu hao hawakusimama, wallahi, na daftari lina kurasa themanini.

Tukamwita sheikh atugaie mirathi. Kwanza gharama za mazishi, kisha deni lake, kisha wasia usiopita thuluthi, ndipo mafungu: mama thumuni, sisi wanaume kila mmoja mafungu mawili ya dada. Tukamuuliza, na hili daftari? Akasema hiyo ni mali ya warithi wote, ukitaka kusamehe samehe fungu lako, la mwenzio si lako.

Tulikaa usiku kucha tunasoma. Sukari nusu. Mafuta ya taa. "Mama wa mapacha, unga, asiulizwe." Hiyo "asiulizwe" imo mara nyingi, kwa mwandiko wake ule wa kulala. Mmoja wa wadaiwa ni mwalimu wetu wa skuli aliyekuwa akituchapa kwa kuchelewa, naye deni lake limechelewa miaka kumi na moja. Sote tulisamehe. Dada yetu mdogo peke yake akasema: nasamehe wote, mwalimu alipe.

Msafiri77
Pole bi dada. Mie nilikuwa Dar. Mauti hayangoji boti, kafa asubuhi kazikwa alasiri. Nilimsikia redioni, kwenye matangazo ya vifo. Mnajua wanavyosoma: marehemu ni baba wa fulani, fulani na fulani, ni ndugu yake fulani, mjomba wa fulani. Nikalisikia jina langu, "aliyepo Dar es Salaam". Hapo ndipo nilipoamini, ingawa simu nilishapigiwa saa nzima kabla.

Kimya Kimya
Wangu hakuwa mtu wa kupendeka, niseme kweli. Mkali, hana neno. Naona uzito kuandika hapa baina yenu. Lakini kila Ijumaa namsomea Yasini, na sijui namsomea kwa mapenzi au kwa deni.

Mvuvi wa Kojani
Msomee tu yakhe. Inafika.

BintiWete
Ahsanteni. Duka la Kona, hiyo ya mwalimu imenichekesha, mama kaniuliza kutoka ndani nacheka nini, nikamsomea, na yeye kacheka. Mara ya kwanza tangu siku ile.

Kimya Kimya, babaangu na yeye hakuwahi kunambia ananipenda. Alikuwa akishuka mkarafuuni ananitilia kiganjani kikonyo chenye vichwa vingi kuliko vyote, kisha anakwenda zake kunywa maji.

Kaka kanitumia picha sasa hivi. Miembe iko mitatu. Nimemwambia arudi akapige nyengine, amwonyeshe na mtu kasimama penyewe.

Niwacheni kidogo, wingu limefunga upande wa Mtambwe na karafuu ziko nje siku ya pili.

Msafiri77
Anua upesi, zitapauka hizo!