Kuvua kwa nzi wa bandia Mombasa: nina shilingi 15,000, nianzie wapi?

Kijana wa Tudor
Assalaam aleikum wadau. Nataka kuanza kuvua kwa nzi wa bandia (chambo chepesi cha nywele kilichofungwa kwenye ndoana) nikisimama ufuoni, boti sina. Mshipi wa mkono naujua. Kuna fimbo ya mtumba namba 5, futi 9, bei nafuu. Niichukue? Na pesa itakayobaki niiweke wapi?

Bamvua
Waaleikum salaam. Hiyo iache. Namba ya fimbo ni uzito wa mshipi inaorusha, na namba 5 ni ya trauti, samaki wa mito ya baridi kule Aberdare na Mlima Kenya. Kolekole wa kilo mbili akishika mkondo humzuii, na upepo wa kusi utakurudishia nzi usoni. Tafuta namba 8, futi 9. Mtumba haina neno, lakini pitisha pamba ndani ya kila pete: pamba ikinasa, pete ina ufa na itakula mshipi.

Pesa nyingi weka kwenye mshipi, si kwenye rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi). Hapa hakuna chubwi la kurusha. Kinachokwenda ni uzito wa mshipi wenyewe, nzi anafuata tu. Chukua namba 8 sawa na fimbo, unaoelea, mzito upande wa mbele, na uwe umetengenezewa nchi za joto. Wengi hupotezea pesa hapa: mshipi wa nchi za baridi ukipigwa na jua la Pwani hulegea, hunata kwenye pete, hauendi mbali, na mtu hudhani mkono wake ndio mbaya. Rili ya bei ya chini yatosha, mradi breki haikwami na inabeba mita 100 za mshipi wa akiba unaohimili ratili 20. Ioshe kwa maji ya bomba kila ukitoka baharini.

Fundi Ndoana
Nzi usinunue, funga mwenyewe. Unahitaji ndoana saizi 1/0 zisizoshika kutu, uzi, na nywele za mkia wa mbuzi kutoka kwa mchinjaji, zioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Kata shanga mbili zilizoshikana kutoka mnyororo wa kizibo cha sinki, uzifunge juu ya shina la ndoana, nyuma kidogo ya tundu lake. Hayo ndiyo macho na ndiyo uzito: ndoana hupinduka, ncha ikatazama juu, haishiki mawe. Nywele nyeupe upande wa macho, kijani upande wa ncha, urefu mara mbili ya ndoana. Zisizidi unene wa njiti mbili za kiberiti! Nzi aliyejazwa nywele hazami, na hewani hushika upepo kama mwavuli.

Nailoni ya mbele, kati ya mshipi na nzi: futi 4 za ratili 40, futi 3 za 30, futi 2 za 20. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kukaza. Likikazwa kavu huungua, na hukatikia hapo hapo.

Bamvua
Kurusha jifunze kwenye nyasi, na kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana. Fikiria uso wa saa ya ukutani: mbele fimbo isimame kwenye 10, nyuma kwenye 1, na nyuma ungoje mshipi unyooke. Ukisikia mlio wa mjeledi umewahi, na nzi angekatika. Anza na mita 8. Samaki akishika, usinyanyue fimbo, ielekeze kwake na uvute mshipi kwa mkono wa pili.

Mwana Mtwapa
Ndani ya Mbuga ya Bahari ya Mombasa, mbele ya Nyali na Bamburi, kuvua ni marufuku. Mahali pengine waulize BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) wa hapo kwanza, na kibali pia.

Jaribu hori ya Mtwapa au ya Tudor, maji yakianza kupwa: vidagaa hutolewa kwenye mikoko, na kolekole huwangoja kwenye midomo ya vijito. Wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu) mkondo una nguvu, kwa hiyo anza siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo. Vaa viatu na uburure nyayo, samaki taa mwenye mwiba mkiani hulala mchangani. Miwani na kofia usisahau. Upepo ukitoka upande wa mkono unaorushia, ndoana hupita karibu na sikio. Geuka, uupe upepo bega la pili.