Yule msanii wetu wa Ijumaa amenizimia wimbo mbele ya watu, HATA KORASI HAIJAINGIA

Gitaa_la_Kondele:
Nimeshuka tu kwa boda, sijafungua hata mlango, naandikia hapa nje kwa ngazi kwa sababu nikingoja asubuhi hasira itapoa na mimi sitaki ipoe.

Mnamjua. Sitamtaja, admini asije akanifungia uzi, lakini mnamjua, yule wa kofia, wa Ijumaa kando ya ziwa, anayejiita baba wa wasanii wote kutoka Dunga mpaka Mamboleo na gitaa lake liko na nyuzi tano tangu uchaguzi uliopita. Yeye mwenyewe, YEYE, si mimi nilimtafuta, alirusha voisi kwa grupu ya mashabiki akasema kila mtu alete wimbo mmoja anaoupenda roho safi, wa hapa ama wa ng'ambo, bendi itausikiliza na sisi tukiwa hapo hapo, na ule utakaowaingia wataujifunza waupige. Nikasema hatimaye! Miaka yote hii napenda panki na indi pop, ile miziki ya gitaa ya bendi za ng'ambo, huu mji mzima ni mimi na iafoni zangu tu, leo kuna mtu ameuliza!

Nikachagua Teenage Kicks ya The Undertones, 1978, vijana wa Derry kule Ireland Kaskazini. Nilichagua na akili. Wale walikuwa na gitaa mbili, besi, dramu na mwimbaji, yaani bendi kama yake kabisa, angeweza kuupiga bila kununua hata waya. Zamu yangu ikafika. Flashi ikaingia, dramu ikagonga, gitaa likaingia, Feargal Sharkey akafungua mdomo na ile sauti yake ya kutetemeka, mpiga besi akaanza kutingisha kichwa, nilimwona kwa macho yangu haya, na hapo ndipo huyu mtu AKAZIMA. Alizima!! Akashika maiki akauliza, "Nani amewasha posho mill?"

Hoteli yote ikacheka. Weita akacheka. Soja wa geti akacheka na hata hakuwa amesikia. Samaki kwa sahani yangu aligeuka upande mwingine.

Hata korasi. Haijaingia.

Sasa nisikilizeni. John Peel, yule mtangazaji wa BBC Radio 1, alipopata huo wimbo mwaka huo wa 1978 aliupiga redioni halafu akaupiga tena papo hapo, mara mbili mfululizo, na huyo ni mtu alikuwa anatumiwa rekodi kila siku mpaka anakosa pa kuziweka. Huyu wetu wa nyuzi tano hakufika korasi! Na wimbo wenyewe wote hauna hata dakika mbili na nusu! Panki haikai, jameni. Albamu ya kwanza ya Ramones, ya 1976, iko na nyimbo 14 na inaisha kabla ya nusu saa, samaki wa hiyo hoteli hajatoka jikoni. Mimi nilimwomba dakika mbili, yeye akishika maiki kusalimia waheshimiwa ni dakika ishirini na bado anauliza kama kuna mwenye amesahaulika.

Na asiniambie ati nimeleta kelele ya wazungu. Poly Styrene, mwimbaji wa ile bendi ya panki X-Ray Spex, baba yake ni Msomali, hapo jirani tu. Death wa Detroit ni ndugu watatu weusi, walirekodi 1975, albamu ya Ramones haijatoka, mkubwa wa kampuni akawaambia badilisheni hilo jina wakakataa, kanda zikakaa mpaka 2009 ndio albamu ikatoka na dunia ikashtuka. Bad Brains wa Washington walikuwa wanapiga panki ya kasi na rege kwa shoo moja. Haya yote ningemweleza kama angenipa nafasi, lakini nafasi ya wapi, mtu amezima.

Na mnajua alipiga nini baada ya kuzima? Wimbo wake. Ule anajitaja jina lake mwenyewe.

Wewe unaniomba nikuletee kitu ninachokipenda, nakuletea na mikono miwili, unakirusha kwa watu wakicheke. Si ungesema tu hutaki? Sirudi huko mimi. Na flashi yangu bado iko huko.

Omera_wa_Nyalenda:
Pole omera. Lakini hiyo ya samaki kugeuka nimecheka mpaka mtoto ameamka

Benga_Damu:
Wacha nikuambie ukweli ndugu yangu. Dakika mbili ndio nini? Santuri za benga zilikuwa zinakatwa sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, kwa sababu gitaa likianza kupanda hulizuii. D.O. Misiani kwa dakika mbili hangemaliza hata kuingia kwa habari. Huyo jamaa alikuokolea jioni

Gitaa_la_Kondele:
Benga nimelelewa nayo usinifundishe. Lile gitaa la juu la benga na gitaa la indi pop ni watoto wa nyumba moja, sikiliza albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, 2008, vijana wa New York wamechukua gitaa la Kongo wazi wazi mpaka wimbo mmoja wameuita Cape Cod Kwassa Kwassa. Hiyo ndio nilikuwa nimpelekee Ijumaa ijayo! Sasa Ijumaa gani. Unampelekea nini mtu anazima kabla ya korasi

Nyar_Ahero:
Mimi nilikuwepo, meza ya pili. Alizima kweli na haikuwa vizuri. Lakini kaka na wewe ulisimama ukapiga nduru "UNAMJUA JOHN PEEL WEWE?" mpaka mzee wa meza yetu akauliza huyo John Peel ni MCA wa wadi gani

Omera_wa_Nyalenda:
MCA wa wadi gani 😂😂😂 nimeanguka

Gitaa_la_Kondele:
Dada nilisimama na nitasimama tena. Na huyo mzee mwambie nitamletea rekodi asikilize MPAKA MWISHO

Section58_Nakuru:
Nyinyi watu wa Kisumu mnalia na mmezimiwa bure. Hapa Nakuru kuna bendi ya kwa nyama choma, kuomba wimbo ni mia tano na unaiweka kwa kikapu kwanza. Nikaweka. Nikaomba London Calling ya The Clash, mkubwa wao akaitikia ati hiyo anaijua sana hiyo ni ya zamani, wakageuka wakapiga ile ya kukaribisha watalii. Mistari yote. Nikaenda nikamwambia mzee hii si yenyewe, akaniambia yenyewe ni elfu

Benga_Damu:
Elfu moja uskie kelele. Nakuru mko na pesa

Section58_Nakuru:
Pesa ya wapi, hiyo mia tano ilikuwa ya gesi. Mke wangu mpaka leo anajua niliibiwa kwa matatu

Kakamega_Mwendo:
Mimi nilimpa dijei wa harusi ya binamu flashi ya indi pop, ndani nimeweka Tigermilk ya Belle and Sebastian, ile albamu ya 1996 walitoa santuri 1000 peke yake wakati huo. Sasa msema shughuli akasoma jina kwa skrini akadhani ni kwaya ya parokia ya Mtakatifu Sebastian, akawekelea wakati wa wazee kubariki maharusi. Hakuna mtu alizima. Isukuti ilingojea nje na heshima. Mama mkwe akaomba urudiwe

Benga_Damu:
Hiyo nakubali, hiyo ni ya upole

Gitaa_la_Kondele:
Kwa hivyo mama mkwe wa Kakamega, mama wa watu, hajawahi kushika gitaa, amesikiliza indi pop mpaka mwisho NA AKAOMBA TENA, halafu mtu anakula kwa muziki anashindwa kufika korasi?? Hii ndio naongea kutoka jana! Mwanamuziki ndio alifaa kuwa na masikio kutuliko!

Omera_wa_Nyalenda:
Kutoka jana na umeandika saa hii usiku

Besi_Nne:
Mimi ndiye nilikuwa natingisha kichwa. Sitaki maneno na mkubwa, familia inakula hapo. Flashi yako iko kwangu, niliitoa kabla aikanyage. Nitumie inbox jina la huo wimbo, hapo besi inatembea vizuri

Gitaa_la_Kondele:
Kaka yangu!! Kichwa chako nilikiona! Nakutumia na nakuongezea Spiral Scratch ya Buzzcocks, 1977, nyimbo nne tu, hao walikopa pesa kwa marafiki na familia wakatoa santuri wenyewe bila kungojea mkubwa yeyote. Isikilize ukiwa peke yako halafu ufikirie maisha

Besi_Nne:
Usiniingize kwa mambo

Nyar_Ahero:
Ngoja kidogo. Wewe Besi si ni bendi yenu ilikuja matanga ya mjomba wangu hapa Ahero Desemba, tukalipa mpaka asubuhi, saa sita usiku mkawa mmefunga vyombo kwa pikapu?

Besi_Nne:
Dada hiyo ilikuwa genereta. Iliisha mafuta

Nyar_Ahero:
Mafuta tulinunua lita ishirini, mimi ndiye nilienda petroli stesheni na mtungi kwa boda, nguo yangu nyeusi ilinuka mpaka kaburini

Omera_wa_Nyalenda:
Mafuta ya matanga hupotea kila mahali wacha nikuambie. Ya kwetu ilipatikana kwa pikipiki ya kinyozi

Benga_Damu:
Mkubwa wenu ndiye alipewa hela za mwisho ama ni nyinyi? Kwa sababu kwetu Awasi pia alikuja akapiga nyimbo tatu akasema koo imemshika, na alikula mbuzi vizuri sana na hiyo koo

Gitaa_la_Kondele:
Mnaona sasa! Ndiye huyo huyo! Koo inamshika kwa kazi ya kulipwa lakini ya kuzima wimbo wa mtu inafanya kazi

Section58_Nakuru:
Kwani genereta ya usiku mmoja huko kwenu ni ngapi? Hapa Free Area wanataka elfu tatu bila mafuta

Kakamega_Mwendo:
Elfu tatu ni wizi. Niko na moja hapa, haina kelele sana, inabeba spika nne na taa za hema. Ukitoka Nakuru utagharamia usafiri

Nyar_Ahero:
Sikodi kitu kwa mtu. Besi, lita ishirini za mjomba zilienda wapi?

Besi_Nne:
Nakuja inbox

Nyar_Ahero:
Usije inbox. Sema hapa

Section58_Nakuru:
@Kakamega_Mwendo inatumia petroli ama dizeli?