Naomba ushauri: filamu ya kijana wetu ilichekwa mahali ambapo hakutaka ichekwe

MamaProjekta (mleta uzi)

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Naomba mnisome kwa utulivu, kwa sababu jambo hili limeninyima raha kwa wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mpenzi mkubwa wa filamu za gharama ndogo, zile ambazo bunduki ni za mbao, damu ni rangi ya chakula, na helikopta inatetemeka angani kana kwamba imening'inizwa kwa uzi. Huku Tanga, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tunatandaza shuka jeupe kwenye ukuta wa ukumbi wa vijana, tunawasha projekta na kuonyesha filamu moja. Watu hukaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, na kiingilio ni shilingi 500 za kununulia mafuta ya jenereta.

Mwezi uliopita nilionyesha filamu ya kijana wa mtaani kwetu mwenye umri wa miaka 22, aliyeipiga kwa simu yake kwa muda wa miezi minne akiwatumia ndugu na majirani kama waigizaji. Mimi niliipenda kweli. Kuna tukio la kufukuzana ambapo bodaboda ileile inapita mara tatu mbele ya duka lilelile, kila mara ikiwa imembeba jambazi mwingine, na ukumbi ulishangilia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Kijana mwenyewe alikuwa akicheka pamoja nasi. Ndipo likaja tukio la msiba. Marehemu, akiwa amelazwa kitandani na kufunikwa shuka hadi kidevuni, alimeza mate waziwazi, koo likapanda na kushuka. Watu waliangua kicheko kisichokatika mpaka tukio lote likapita. Mimi pia nilicheka. Nilipogeuka, kijana alikuwa amekwisha kutoka, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa kichwa tu na kupita.

Naomba mnishauri mambo mawili. Je, ni sawa kuendelea kuonyesha filamu za namna hii ilhali tunajua watu watacheka pale ambapo mtengenezaji alitaka walie? Na kijana huyu nimwendee vipi?

MkaziWaKampala

Pole sana, dada. Nimeishi Kampala kwa miaka sita, na nitakujibu kwa mfano wa mtaa wa Wakaliga, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo swali lako limepata jibu zuri zaidi.

Nabwana I.G.G., ambaye zamani alikuwa akifyatua matofali, alitengeneza huko filamu ya *Who Killed Captain Alex* mwaka 2010 kwa pesa zinazotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Kompyuta aliiunganisha mwenyewe kutokana na vipuri vilivyokuwa vimetupwa, silaha zilichomelewa kutokana na vyuma chakavu, na damu ya bandia ilitiwa ndani ya kondomu ili ipasuke vizuri kifuani mwa anayepigwa risasi. Jina la filamu ni swali, na filamu inakwisha bila kulijibu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa kwamba steringi hafi. Huyu Kapteni Alex anauawa, muuaji wake hajulikani kamwe, na vita vinaendelea kana kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kujua. Mimi naamini kwa dhati kwamba huo ni ujasiri ambao filamu nyingi za mamilioni ya dola hazina.

Linalokuhusu wewe ni sauti ya VJ Emmie, mfasiri wa filamu hiyo. Katika vibanda vya Uganda, mfasiri husimama kati ya filamu na watazamaji: anaeleza, anatania, anamsifu komando kabla hajarusha teke, na anawaambia watu wakae tayari kwa kuwa mapigano yanakuja. Nakala ya Captain Alex isiyo na sauti yake haipo tena, maana Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya filamu iliyofuata. Kwa hiyo kila anayeitazama leo, awe Kampala au Toronto, anaitazama akiwa na mtu pembeni anayecheka naye na anayeipenda filamu kuliko yeye. Kijana wako aliachwa peke yake na kicheko cha ukumbi mzima. Mtafutie mfasiri.

MtunzaKanda

Naunga mkono, lakini naomba niongeze kisa ambacho kila ninapokisimulia huwa nakisimulia kwa huruma, ingawa watu hunijibu kwa kicheko.

Katika mji wa El Paso, jimbo la Texas, alikuwepo muuzaji wa mbolea aitwaye Harold P. Warren ambaye aliweka dau na mwandishi wa filamu Stirling Silliphant kwamba naye anaweza kutengeneza filamu ya kutisha. Alichangisha dola 19,000 hivi, akapata kamera ambayo haikuweza kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mpigo mmoja na ambayo haikunasa sauti, kisha maneno yote yakaja kutiwa baadaye na watu wachache waliojigawia wahusika. Filamu hiyo, *Manos: The Hands of Fate*, ilizinduliwa Novemba 1966 mbele ya wakazi wa mji ule, na watu wakacheka tangu mwanzo. Mtoto wa kike aliyeigiza humo, Jackey Neyman, alilia ukumbini aliposikia kwamba sauti inayotoka kinywani mwake ni ya mwanamke mzima aliyekuwa akijifanya mtoto.

Nimelifikiria sana lile chozi. Watu wazima walikuwa wakicheka filamu mbaya, na mtoto alikuwa akilia kwa sababu amenyang'anywa sauti yake. Wote walikuwa ndani ya chumba kimoja, wakitazama kitu kimoja. Filamu ikasahaulika mpaka mwaka 1993, ilipoonyeshwa kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani kilichokuwa kikizitania filamu mbovu, na kuanzia hapo ikapata wapenzi wa kufa na kupona. Baadaye shabiki mmoja alipata mkanda wa kazi wa filamu ile, yaani nakala iliyotumika wakati wa kuihariri, akachangisha pesa kwa umma na kuusafisha picha baada ya picha, kwa uangalifu ule ambao watu huupa kazi za mabingwa. Yule mtoto naye, akiwa mtu mzima, aliandika kitabu kuhusu filamu hiyo na kuizungumzia kwa mapenzi. Ilimchukua miaka mingi, dada. Usimtarajie kijana wako amalize safari hiyo katika wiki tatu, na kabla ya kumtafutia mfasiri, muulize ni kitu gani hasa kilichomwumiza. Wewe unadhani ni lile koo la marehemu. Huenda si hilo.

MwalimuWaSanaa

Mimi nitatofautiana kidogo na waliotangulia. Ninafundisha maigizo shuleni, na nimeona jinsi kicheko kimoja kinavyoweza kumfunga mtoto mdomo kwa muhula mzima. Hoja ya kwamba tunacheka kwa upendo ni hoja ya anayecheka. Anayechekwa hana namna ya kuupima upendo huo akiwa gizani.

Wengi hupenda kumtaja Tommy Wiseau, aliyetumia takriban dola milioni 6 kutengeneza *The Room*, iliyotoka mwaka 2003. Alinunua vifaa ambavyo wenzake hukodi, na akaipiga filamu kwa kamera mbili za aina tofauti zilizofungwa pamoja, moja ya mkanda na nyingine ya dijitali. Aliitangaza kama tamthilia ya mapenzi na maumivu. Watazamaji waliposhindwa kujizuia na kuanza kurusha vijiko vya plastiki kila inapoonekana picha ya kijiko iliyowekwa fremu sebuleni, yeye aliamua kuiita kichekesho na kuhudhuria maonyesho pamoja nao. Watu husema hadithi hiyo imeisha vizuri. Mimi naona imeisha vizuri kwa sababu uamuzi ulikuwa wake. Mwenye filamu ndiye mwenye haki ya kusema: chekeni. Kabla hajasema, mwonyeshaji ana wajibu wa kumlinda, na kwa heshima zote, dada yangu, ulipaswa kumkalisha kijana kabla ya onyesho na kumweleza ukumbi wako ulivyo.

Nikushauri pia usipange filamu zako kwa kigezo cha ubovu. Robert Rodriguez alitengeneza *El Mariachi* kwa dola 7,000 hivi katika mji wa Ciudad Acuña nchini Mexico, na kwa kuwa hakuwa na reli ya kusogezea kamera, alikaa kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa akasukumwa. Mwaka 1993 filamu ile ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la filamu la Sundance huko Marekani. Ionyeshe hiyo kwanza, uwaeleze watu kuhusu kile kiti, kisha ionyeshe ya kijana. Watazamaji wataiangalia bodaboda yake kwa jicho jingine.

PwaniYaMombasa

Kuhusu mfasiri, naafiki kabisa. Kwetu Kenya tumelelewa na DJ Afro, mfasiri wa filamu, na nina hakika kwamba nusu ya filamu za kung'fu nilizozipenda utotoni nilizipenda kwa sababu ya maneno yake. Sharti ni moja tu: mfasiri aitazame filamu angalau mara mbili kabla, ajue mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza. Anayekuja bila kujiandaa hucheka kila kitu, na hapo ndipo dharau inapoingia.

Mzoefu_Dodoma

Jambo dogo la kiutaratibu: kwa Tanzania, kuonyesha filamu hadharani kunasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, hasa panapokuwa na kiingilio. Wasiliana na Bodi ya Filamu kupitia ofisi ya utamaduni ya halmashauri yako kabla ya onyesho lijalo, na upate idhini ya wenye filamu, pamoja na ya kijana huyo, kwa maandishi.

MamaProjekta (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na Mwalimu nakushukuru zaidi kwa kunieleza ukweli. Nimeanza mawasiliano na ofisi ya utamaduni, na filamu ya Mexico nimeiweka ya kwanza kwenye orodha.

Jana jioni nilimwendea kijana nyumbani kwao. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamuuliza kama MtunzaKanda alivyoshauri. Akaniambia kwamba koo la marehemu halikumsumbua hata kidogo. Aliliona alipokuwa akihariri, akaliacha kwa makusudi kwa sababu lilimchekesha. Kilichomwumiza ni sekunde zinazofuata. Yule bibi anayelia pembeni ya kitanda ni bibi yake mzaa mama, ambaye siku ya kurekodi alianza kuigiza, kisha akamkumbuka mumewe na akalia kweli. Kijana hakukatisha. Aliniambia kwamba hicho ndicho kipande pekee cha filamu yote ambacho hakukiigiza mtu, naye alikuwa amesubiri miezi minne ili watu wakione, na hakuna aliyekiona wala kukisikia kwa sababu sote tulikuwa bado tukicheka, na bibi mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa nyuma.

Tulikaa tukazungumza mpaka adhana ya isha. Amekubali tuirudie filamu mwezi ujao. Atarefusha ukimya baina ya lile koo na kilio, ili kicheko kipate muda wa kwisha, na ufasiri ataufanya yeye mwenyewe kwa kipaza sauti, isipokuwa hapo tu, ambapo atakizima. Nilipokuwa nikiaga, bibi aliniita kutoka jikoni. Alitaka kujua onyesho ni saa ngapi, na akaniomba safari hii nimwekee kiti mbele.